Mabadiliko ya Kazi na Moyo wa Mtumishi

(Maneno yaliyosemwa Uyole mbele ya walimu, wauguzi, makarani, mafundi na wasimamizi wa mashamba, wakati wa sherehe za Jubilei)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya jambo ambalo kila mtu aliye hapa amelionja, nalo ni mabadiliko ya kazi: jinsi yanavyoletwa, na sababu gani watu huyakataa. Twashukuru kwa heshima hii. Lakini twataka mjue tangu mwanzo ya kuwa hatusemi kama watu waliolishinda jambo hili. Twasema kama watu waliolikosea, wakafundishwa na kosa lao.

Uyole ni mahali panapofaa sana kwa mazungumzo haya. Hapa njia kuu itokayo Dar es Salaam na Iringa hugawanyika: moja yaendelea Mbeya mjini na Tunduma hata Zambia, na nyingine yashika kusini kwenda Tukuyu na Kyela, hata mpaka wa Malawi. Tena hapa kipo kituo cha kilimo kilichojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Watu wa umri wetu walikijua kwa jina moja tu, na ndani ya jina lile moja mlikuwa na uchunguzi wa mazao, uchunguzi wa mifugo, na mafundisho ya wanafunzi. Leo kazi hizo tatu zina wakuu mbalimbali. Mazao yako chini ya TARI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mifugo iko chini ya TALIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Na chuo kina mlango wake mwenyewe.

Basi mfikirieni mtu aliyeandikwa kazi hapo katika ujana wake, akakaa mpaka mvi zikamwota. Ng'ombe ni wale wale, udongo ni ule ule, na baridi ya mwezi wa Juni ni ile ile iumayo vidole. Lakini barua zake zina kichwa kingine, mkuu wake ni mwingine, na rafiki aliyekaa naye chumba kimoja sasa ni mtumishi wa nyumba nyingine. Hatusemi kwamba kugawanya kazi hizo kulikuwa vibaya. Huenda kila moja yapata malezi bora chini ya mkuu aijuaye. Twasema hivi tu: sheria yaweza kubadili ubao wa lango kwa siku moja, lakini moyo wa mtu hauendi kwa mwendo wa sheria. Na kiongozi asiyelijua jambo hilo atamwita mkaidi mtu ambaye si mkaidi.

Sasa turuhusuni tuwasimulie kosa letu wenyewe.

Zamani kidogo, tulipokuwa tungali vijana katika kazi, tulitumwa kwenye ghala moja la mahindi, tusilolitaja jina lake. Agizo letu lilikuwa kuleta kitabu kipya cha hesabu. Desturi ya zamani ilikuwa ya kuchanganya mno: karatasi huku, daftari kule, na mambo mengi yakiwa kichwani mwa mwenye ghala peke yake. Kitabu chetu kilikuwa kizuri, tena chepesi. Kila kilo iingiayo iandikwe upande mmoja, kila kilo itokayo iandikwe upande wa pili, na mwisho wa msimu pande mbili zilingane. Tuliwakusanya watumishi wote uani tukawaeleza, nao wakaitikia kwa vichwa.

Mtu mmoja hakuitikia. Alikuwa mwenye ghala mwenyewe, mzee aliyekaa katika kazi ile miaka zaidi ya ishirini. Akakipokea kitabu, akakifungua, akakitazama muda mrefu, kisha akakirudisha mikononi mwetu, akasema kwa upole: "Wanangu, kitabu hiki kitanifanya mwizi."

Wengine walicheka. Nasi twakiri kwamba tulicheka pamoja nao. Tukamwambia mbele ya watu wote kwamba mtu safi haogopi hesabu. Yeye hakujibu neno. Jioni ile tukaandika katika taarifa yetu ya kuwa mzee huyu ni mpinzani wa mabadiliko, na yafaa ghala apewe mtu mwenye elimu mpya. Neno letu lilikubaliwa. Mzee akawekwa langoni kufungua na kufunga, na funguo za ghala akapewa kijana mwema, mwenye mwandiko mzuri, aliyeoa mwaka ule ule.

Msimu ulipokwisha, mahindi yakapimwa. Katika kila gunia la kilo 100 lililoandikwa wakati wa kuingia, palipungua kilo nane hivi. Gunia 200 zilikuwa zimepoteza kilo 1,600. Kijana akaulizwa, akakosa jibu, maana hata yeye hakujua zilikokwenda. Akasimamishwa kazi. Mkewe akarudi kwao. Kijijini watu wakasema, tazama, ndiyo sababu alijenga bati.

Ndipo mmoja wetu akalikumbuka neno la mzee. Tukaenda nyumbani kwake, maana wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, tukamkuta akipukuchua mahindi barazani. Tukamwamkia, tukamwambia, "Baba, tumekuja kuuliza." Akacheka kidogo, akachukua punje akaitafuna ikalia, kisha akatafuna nyingine isiyolia. Akatueleza mambo ambayo hatukumpa nafasi ya kuyaeleza siku ile uani.

Mahindi yakija kutoka shambani huwa na maji ndani. Tuseme ni kilo 20 za maji katika kilo 100. Basi punje kavu hasa ni kilo 80 tu. Lakini mahindi hayo hayawezi kukaa ghalani hivyo, yataoza. Lazima yaanikwe mpaka maji yabaki sehemu 13 katika 100. Hapo zile kilo 80 za punje kavu huwa ni sehemu 87 katika 100, na gunia zima halizidi kilo 92. Kilo nane zimekwenda mbinguni na mvuke. Hapana mkono wa mtu. Mzee alilijua hilo bila kuandika. Alitia punje na chumvi kavu katika chupa, akatikisa. Chumvi ikigandamana na kioo, alijua maji yangali mengi. Naye aliweka katika kichwa chake hesabu ya kukauka kwa kila mzigo. Hesabu ile haikuwamo katika kitabu chetu.

Akasema: "Mimi sikukataa kitabu. Nilikataa kitabu kisichojua kwamba mahindi hukauka."

Tukakitengeneza kitabu. Tuliongeza safu moja tu, upana wake vidole viwili, juu yake tukaandika "unyevu". Kijana akarudishwa kazini baada ya miezi kadha. Lakini jina lililokwisha kutiwa doa haliwi jeupe kwa barua ya mkuu. Na mzee tulimwomba radhi nyumbani kwake, barazani, pasipo watu. Tulimwaibisha uani mbele ya wote, tukamtaka radhi faraghani. Deni hilo hatukulilipa, naye sasa hayupo. Ndiyo sababu twalisema leo hadharani.

Ndugu zetu, wazee walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aletaye mabadiliko mara nyingi hajakilalia kitanda. Yeye aona mambo kwa mbali, na kwa mbali mambo hupendeza. Mwenye kufanya kazi kila siku aona palipo na tundu. Kwa hiyo neno letu la leo ni hili: mtumishi akikataa jambo jipya, usianze kuuliza jinsi ya kumshinda; anza kuuliza anaona nini.

Hatusemi kwamba kila akataaye ana haki. Tumewaona watu wa namna tatu. Wa kwanza ni yule mzee: akataa kwa sababu ajua kitu asichokijua mkubwa wake. Huyu asikilizwe, na kazi itengenezwe kwa ujuzi wake. Wa pili akataa kwa hofu. Ameheshimiwa miaka mingi kwa ustadi fulani, na sasa ustadi ule hautatakiwa tena. Ataketi mbele ya mashine kama mtoto wa darasa la kwanza, na kijana wa umri wa mwanawe atamsahihisha. Huyu afundishwe taratibu, tena asifundishwe mbele ya wale aliokuwa akiwaongoza. Wa tatu akataa kwa sababu utaratibu wa zamani ulimfichia jambo. Huyu aambiwe wazi na aongozwe kwa sheria. Kosa letu sisi wenye mamlaka ni kuwahesabu wote kuwa wa namna ya tatu, kwa kuwa ni rahisi kwetu.

Tena kuna kukataa kwa sauti, na kuna kukataa kwa kimya. Na kwa kimya ni kubaya zaidi. Tutoe mfano ambao watumishi wa serikali waliomo humu waujua vema. Kabla ya mwaka 2004 mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkuu wake aliandika habari zake kila mwaka, naye mwenyewe hakuiona. Mtu aliweza kunyimwa cheo kwa maneno asiyoyasoma maisha yake yote. Mwezi wa Julai mwaka 2004 serikali ikaiondoa desturi ile kwa waraka, ikaweka Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao wengine waliuita MWAMTUKA, na wengi zaidi wakauita kwa jina la OPRAS. Sasa mkuu na mtumishi waliagizwa kuketi pamoja, wapatane juu ya malengo ya mwaka, watazame tena mwezi wa Desemba wamefika wapi, na mwezi wa Juni wapime pamoja. Alama zilikuwa kutoka 1 hata 5, na 1 ndiyo iliyokuwa bora.

Nani angalichukia jambo kama hilo, ambalo lilimtoa mtumishi gizani? Wala hapana aliyesimama kulipinga. Lakini katika ofisi nyingi fomu zilijazwa mwezi wa Juni peke yake, kwa siku moja, malengo na alama pamoja, kama mtu anayeandika barua ya jana. Kwa nini? Kwa kuwa mtumishi aliandika malengo, na vifaa vya kuyatimiza havikuja. Kwa kuwa aliyepata alama nzuri na aliyepata mbaya waliona mwaka ukipita sawasawa. Na kwa kuwa wakuu wengine nao waliogopa kuketi uso kwa uso na mtu na kumwambia kweli. Siri ya zamani ilikuwa kivuli chao. Twaona basi ya kwamba upinzani haukai chini tu. Hukaa na kwenye kiti cha mkubwa.

Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 mfumo ule ukaondolewa, ukaja mwingine wa kompyuta, uitwao PEPMIS. Mtumishi huingiza kazi zake humo, na mkuu wake humpima humo humo. Faida yake yaonekana: si rahisi tena kuandika kazi ya mwaka mzima kwa siku moja. Lakini walimu na wauguzi wa vijijini walilalamika juu ya mtandao usioshika, simu zisizofaa, na fedha ya vifurushi itokayo mfukoni mwao. Je, mwalimu apandaye kilima jioni akitafuta mtandao ni mpinzani wa mabadiliko? Kwa macho yetu, yeye ndiye ayabebaye. Malalamiko yake ni ile safu ya "unyevu" ambayo haijatiwa kitabuni.

Sasa mtauliza, njia iliyo njema ni ipi? Hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta, maana hapa hapa Uyole imetumika miaka mingi, ila imetumika kwa mbegu. Mwayajua maharagwe yaliyotolewa na kituo hiki: Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, Uyole Njano. Je, mbegu mpya hutolewa siku ile ile aliyoipenda mtaalamu? La, hasha. Hupandwa kwanza katika vipande vidogo, msimu kwa msimu, mahali pa baridi na mahali pa joto. Kisha hupelekwa katika mashamba ya wakulima wenyewe, ipandwe kando ya mbegu yao ya zamani, wailinganishe kwa macho yao. Tena haitoshi kuzaa sana. Mama aliye jikoni atasema kama yachelewa kuiva na kumaliza kuni. Mchuuzi atasema kama rangi yake yapendwa sokoni. Mkulima akiikataa, mtaalamu hamwiti mkaidi; humwuliza sababu, na hurudi shambani.

Basi ikiwa twaiheshimu hukumu ya mkulima juu ya haragwe moja, kwa nini tusiiheshimu hukumu ya muuguzi juu ya zamu zake, na ya fundi juu ya karakana yake? Mabadiliko ya kazi nayo yajaribiwe kwanza katika tuta moja. Chagueni wodi moja, darasa moja, ghala moja. Wachaguliwe humo watu wawili: mmoja apendaye jambo jipya, na mmoja alitiliaye shaka. Ya zamani na mapya yaende sambamba kwa muda, kisha waulizwe wote wawili. Anayetia shaka akiridhika, wenzake watamwamini kuliko hotuba kumi za mkubwa.

Tena nchi yetu haikuacha jambo hili kwa hisani ya wakubwa tu. Mabaraza ya wafanyakazi yaliwekwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970, ili watumishi na wakuu wakutane wasemezane juu ya kazi. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Katika siku zetu ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo yasema juu ya mabadiliko yaliyo mazito kuliko yote, yaani kupunguza wafanyakazi. Mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu. Aeleze habari zote zinazohusika. Kisha washauriane juu ya sababu, juu ya njia za kuepusha au kupunguza huko kuachishwa watu, juu ya namna ya kuchagua watakaoondoka, juu ya wakati, na juu ya malipo.

Litazameni neno hilo, "anapofikiria". Halikusema, atakapokwisha kuamua. Wakuu wengi huita watu kuwashauri hali barua zimekwisha kupigwa chapa ziko mezani. Watumishi si vipofu; huiona bahasha. Shauri la namna hiyo huwafundisha jambo moja tu: kwamba siku nyingine wakiitwa, wanyamaze.

Kwa hiyo, ninyi mlio wakuu wa shule, hospitali, mashamba na ofisi, twawaomba mambo manne. Semeni mapema, hata kabla hamjajua yote. Semeni kweli yote, pamoja na kitakachopotea. Msitaje faida peke yake, maana mtu akificha hasara, hata faida yake haisadikiwi. Fundisheni kabla ya kudai. Mtu asipimwe kwa chombo ambacho hajaonyeshwa kukitumia. Na mkikosea, kirini mahali pale pale mlipokosea: kama ni uani, basi uani.

Nanyi watumishi wenzetu, ninyi nanyi mna sehemu yenu. Mkiona tundu katika jambo jipya, litajeni waziwazi, na mwonyeshe lilipo. Mzee wetu alisema neno moja la haki, lakini hakutueleza habari ya maji yaliyo ndani ya punje. Sisi tulikuwa na kosa kubwa kwa kutokuuliza. Lakini kimya chake nacho kilimgharimu kijana asiye na hatia. Kwa hiyo msiridhike na kusema "haitafaa". Semeni haitafaa kwa sababu gani, na nini kiongezwe ili ifae. Tena msiipende desturi ya zamani kwa kuwa ni ya zamani tu. Nayo siku moja ilikuwa ngeni, na wako waliokataa.

Ndugu zetu, jubilei ni wakati wa kutazama nyuma na mbele pamoja. Tukitazama nyuma twaona majina mengi ya wale walioleta mambo mapya katika nchi hii ya nyanda za juu, nayo yaandikwa katika vitabu, na ni haki. Lakini wako na wengine wasioandikwa: mwenye ghala, mpishi, mlinzi, mtunza ng'ombe, waliofunguliwa kitabu kipya na kuambiwa waitikie. Wengine waliitikia kwa sauti na kukataa kwa moyo. Mmoja alikirudisha kitabu kwa upole, akasema kweli, akachekwa.

Mtakaporudi makazini mwenu kesho, pana mtu kama yeye katika kila nyumba ya kazi. Mwamjua. Ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwamba ni mgumu. Nendeni mkaketi naye, mkamwulize anaona nini, nanyi mnyamaze mpaka amalize.